Tamthilia ya Mwuza Mkate na Usiku wa Ijumaa

Jumamosi, katikati ya mwezi wa nne. Mvua ya masika imeanza kabla ya alfajiri, ikapumzika kidogo asubuhi, kisha ikarudi na upepo wake. Nguo nilizofua jana bado zimening'inia ukumbini na zimeanza kunuka.

Siku kama hii Bagamoyo haina pa kwenda. Njia ya mtaani kwetu imekuwa tope tupu, hata bajaji hazifiki mlangoni. Tumeshinda ndani, mimi, shangazi yangu na binti yangu wa kidato cha tatu. Shangazi alikuwa anasuka ukili wa mkeka pale karibu na dirisha. Binti alikuwa na rimoti, anahama stesheni hii kwenda ile bila kutulia, mpaka nikamwambia acha hapo hapo. Uso niliouona naujua. Niliujua tangu sijaanza kufunga Ramadhani nzima.

Ilikuwa ile tamthilia ya Mwuza Mkate. Jina lake hasa ni la kigeni, na mtaani kwetu hakuna aliyeweza kulitamka, kwa hiyo tuliipa la kwetu. Kuna binti anauza mkate katika mji wa vilimani huko kwao, na kuna mzee tajiri katika nyumba kubwa, na yule mzee ndiye baba yake. Kila mtu anajua isipokuwa wao wawili. Wewe kama ulikuwa mtoto wa pwani miaka ile, hata kama mtaani kwenu mliipa jina jingine, basi unaijua. Sasa wanairudia, na wameitia sauti za Kiswahili. Mwuza Mkate anaongea kama binti wa Dar aliyetoka saluni.

Nilimtazama shangazi kabla sijamtazama mtu mwingine. Tamthilia hiyo ndiyo watu walisema ilimkosesha mume. Wamelisema hilo zaidi ya miaka ishirini. Mikono yake haikusimama, ukili uliendelea kushuka, nami sikujua nizime au niache.

Binti yangu alitazama kama nusu saa hivi. Halafu akaniambia, "Mama, hii ndiyo mliyokuwa mnalilia? Mbona ya kawaida sana. Wameipaisha tu."

Nikataka kumbishia. Lakini nikaitazama vizuri, na lazima niseme ukweli, mtoto ana haki yake. Mtu akisikia neno baya anageuka kuangalia mlango, na kule kugeuka wanakuonyesha mara tatu, na kila mara kinanda kinalia. Mzee tajiri anakaribia kuambiwa siri, anakohoa, anazimia, imekwisha mpaka kesho. Hadithi ya kusimuliwa wakati mtu anachambua mchele, wao waliivuta karibu mwaka. Na nyumba za maskini wa kule zina vigae na maua dirishani, jambo ambalo sisi hatukuliona ajabu wakati ule. Mimi niliishia darasa la saba na si mjuzi wa mambo ya filamu, huenda kuna ufundi ambao siuoni. Lakini kwa ninavyoona, ilisifiwa kuliko ilivyostahili. Lawama nazo ziliipata kuliko ilivyostahili, na hilo ndilo linalonifanya niandike leo.

Tivii ilikuwa ya jirani yetu wa nyuma, mke wa mwenye duka la misumari na mabati. Ilikaa ndani ya kabati lenye milango, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na jioni ilisogezwa mpaka dirishani ikatazama uani, kwa sababu chumbani tusingeenea. Antena ilifungwa juu ya mti mrefu wa mkoko. Upepo ukiizungusha, picha inajaa chenga, na mtu anainuka kwenda kuushika ule mti na kuuliza kwa sauti, "Vipi huko?" na uani wote tunamjibu bado, bado, hapo hapo, umepitisha.

Kazi za nyumbani zilijipanga zenyewe kufuata tamthilia. Nazi, ambayo siku nyingine tuliikuna kwa kusukumwa, siku hizo ilikuwa imeshakunwa na tui limeshakamuliwa jua likiwa bado kali. Maji yalijaa pipa. Masufuria yalisuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka yanang'aa, na hapakuwa na mtoto wa kuambiwa mara mbili. Mwalimu wetu wa madrasa alikuwa akilalamika kwamba tunajua nani kamwibia nani wosia huko ng'ambo lakini sura fupi zinatutatiza. Alikuwa na haki pia.

Baada ya isha watu walianza kuingia. Ua ulinuka karanga za kukaangwa kwa mchanga, mafuta ya nazi ya kwenye nywele za akina mama, na moshi wa jiko lililokuwa linazimika. Maneno ya kwenye tivii yalikuwa Kiingereza, na mpwa wa jirani aliyefika kidato cha nne ndiye aliyetufasiria. Alikuwa na kazi ngumu maskini, maana akina mama hawakumngoja. Mwuza Mkate akifungua tu kinywa, wao wameshamjibu. "Usimwamini huyo, ana macho ya paka." "We mtoto, barua wanaichoma huko jikoni, umekaa tu." Sijui mpwa yule alifasiri sawa kiasi gani. Leo nikisikia Kiswahili chao kipya, mambo mengine siyatambui kabisa.

Nyumbani kwetu aliyeipinga tamthilia alikuwa bibi, mama yake baba. Kila alipoulizwa alisema, "Sifa nyingi, chenyewe kiduchu." Hata hivyo hakukosa hata siku moja. Alikuwa anakwenda, kwa maneno yake mwenyewe, kulinda wasichana. Alikaa nyuma kabisa, karibu na kipenu cha kuku, tasbihi mkononi, uso kaugeuza upande kama mtu anayesubiri gari. Mimi nilikuwa nakaa karibu naye, na niliona tasbihi ikisimama pale mzee tajiri anapozimia. Mtu akigeuka nyuma, inaendelea.

Na aliyeipenda kuliko wote alikuwa shangazi. Alikuwa mdogo wake baba, wa mwisho kuzaliwa, hajaolewa, na asubuhi alikuwa anapika mikate ya kumimina na kuitembeza kwenye sinia. Kwa hiyo mtaa ulimwita Mwuza Mkate wetu, na yeye alilipenda hilo jina, akijua watu wanatazama hutembea kwa madaha kidogo, sinia kichwani. Hakuwa mtu wa kulia ovyo. Lakini mbele ya ile tivii alilia, alicheka, alisimama, alikemea.

Basi akatokea kijana wa Saadani, aliyekuwa na kazi kule hifadhini. Alimwona shangazi kwenye harusi moja huku mjini, akauliza, akaambiwa ni binti wa nani. Kwao wakaafiki. Shangazi mwenyewe, kwa ninavyokumbuka, aliafiki zaidi ya wote, maana wiki hizo aliimba jikoni. Ikabaki watu wa kijana kuja rasmi kuleta posa. Mshenga wao, mzee wa makamo ya babu, alikutana na baba pale soko la samaki, wakasalimiana kwa kirefu, akampa siku ya kuja. Baba akarudi nyumbani, akamwambia bibi mbele yetu sote kwamba wageni wanakuja Ijumaa usiku.

Bibi akapanga mambo yake. Alhamisi tulisafisha nyumba na kupiga ukuta wa mbele chokaa. Jioni bibi alifukiza udi kama kila Alhamisi, akasoma Yasini yake kwa ajili ya marehemu, na baada ya isha tukaenda kwa jirani, maana tamthilia ilikuwa ikionyeshwa Jumatatu mpaka Alhamisi, na Alhamisi ndiyo siku waliyokuwa wanakukatia pabaya. Baba alikuwa barazani kwa wenzake, mtaa wa pili.

Ijumaa tulipika. Sijui niieleze vipi ile Ijumaa. Pilau la nyama ya mbuzi, kachumbari, mikate ya kumimina ya shangazi mwenyewe, visheti, sharubati ya ukwaju kwenye ndoo iliyotiwa barafu. Shangazi alikuwa ndani, kapakwa hina, kafunikwa kanga mpya, anachungulia dirishani na kukemewa. Magharibi ikapita, isha ikapita. Baba alitoka mlangoni akaingia, akatoka tena. Barafu ikayeyuka. Hatimaye bibi akasema watoto wapewe wale. Tulikula pilau lile hatuna raha, ingawa nakumbuka lilikuwa tamu, na nakumbuka kuona aibu kwamba nalisikia utamu.

Asubuhi ya Jumamosi wakaleta habari ndugu zao wa huku mjini. Wageni walikuwa wamekuja Alhamisi. Walifika baada ya isha, wakakuta nyumba ina chokaa mbichi na imefungwa, wakabisha hodi mara tatu kama mafundisho yanavyosema. Asiyeitikiwa mara ya tatu hurudi. Mama wa kijana akasikia sauti za watu nyuma, akazunguka mpaka mlango wa ua wa jirani, akapiga hodi pale pia. Hakuna aliyemsikia. Alichokiona ni binti aliyekuja kumposea mwanawe, nywele hazijasukwa, kanga imemshuka mabegani, kasimama mbele ya tivii anamkemea mtu aliye ndani ya kioo. Wakaondoka zao, na alfajiri wakarudi Saadani. Ujumbe waliouacha ulikuwa mfupi. Nyumba isiyosikia hodi, wao hawataki kuingia.

Watu huongezea kwamba wakati ule kwenye tivii nako kulikuwa na mtu anabisha mlango, na kwamba shangazi alikuwa anampigia kelele Mwuza Mkate afungue. Hilo mimi sina hakika nalo. Nilikuwepo lakini sikumbuki, na limekaa sawa kupita kiasi, si rahisi kuwa kweli. Huenda ni chumvi.

Ninalolikumbuka kwa hakika ni la mchana wa Jumamosi hiyo hiyo. Bibi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni anachambua mchele, mimi nimekaa chini yake, shangazi yuko ndani jikoni hatoi sauti. Baba akapita. Bibi akamwuliza bila kuinua kichwa, "Mshenga alikwambiaje? Nipe maneno yake mwenyewe."

Baba akafikiri, akasema, "Alisema tutafika usiku wa Ijumaa, mama."

Bibi alishika punje moja ya mchele, akaitazama muda mrefu kama vile ina jiwe ndani. Kisha akasema, "Basi. Ni hiyo tivii tu, imetupumbaza." Na kuanzia siku hiyo hakuna mtu wa nyumba yetu aliyekwenda kwa jirani kutazama. Bibi alimweleza kila aliyeuliza kwamba ni tamthilia. Mtaa ukalichukua hilo neno ukalifanya wimbo.

Mimi nilikuwa mtoto, niliona jibu na swali vimekwenda sawa. Nilikuja kuelewa nikiwa nimeshaolewa, siku moja tumealikwa kisomo, mwenye nyumba akasema karibuni usiku wa Ijumaa, na wote tukaenda Alhamisi bila kuulizana. Kwa wazee wa kwetu siku inaanza jua linapozama. Usiku unatangulia, mchana unafuata. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi, na una baraka zake, ndiyo maana bibi alifukiza udi, na ndiyo maana watu wa Saadani waliuchagua kuleta jambo la heri. Baba alikuwa mtu wa kalenda ya ukutani. Alisikia usiku wa Ijumaa, akaleta nyumbani Ijumaa usiku. Aligeuza maneno mawili tu. Angemletea bibi maneno kama yalivyo, bibi angeelewa hapo hapo, na Alhamisi ile tusingekwenda popote.

Simlaumu baba. Hata leo nikijiuliza kama mimi ningekuwa mahali pake, naona ningekosea vile vile. Na bibi simlaumu, ingawa hapa najipinga mwenyewe mara nyingi. Alijua papo hapo. Alikuwa na mtoto wa kiume aliyekosea na mtoto wa kike aliyeumia, na pembeni kulikuwa na kitu cha watu ambacho hakina mdomo. Alichagua. Lakini tivii ilipolaumiwa, shangazi naye alilaumiwa, maana ndiye aliyekuwa amesimama mbele yake. Kwenye shughuli za watu aliitwa bibi harusi wa tivii. Nimemsikia mwanamke mmoja, naye si adui, akisema kwa sauti ya kutaka isikike, "Mpisheni bibi harusi wa tivii apite, asije akakosa sehemu ya leo." Na watu wakacheka, hata waliompenda.

Baadaye aliolewa Lugoba na mgane wa makamo mwenye mgahawa wa chai barabarani. Sitaki kusema aliteseka, kwa sababu hakuwahi kusema hivyo, na mume wake kila alipokuja hapa alikuwa mtu wa adabu. Alifariki miaka michache iliyopita, na shangazi akarudi pwani akakaa nami. Baba na bibi nao wameshatangulia. Siku zote tangu arudi nimekuwa nikijiambia nitamweleza lile neno la usiku wa Ijumaa, ajue kwamba haikuwa yeye. Kisha nasita. Mtu amekwisha zoea jeraha lake, wewe unakwenda kumwambia lilikuwa la bure, na aliyemtia ni kaka yake.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu leo wakati mvua inapiga bati na Mwuza Mkate anaongea Kiswahili. Binti yangu, ambaye alisikia nusu ya habari kwa watu kama watoto wanavyosikia, aligeuka akamwuliza, hana ubaya wowote, "Bibi, eti kweli ulikosa mume kwa ajili ya hii kitu?"

Nilitamani sakafu inimeze. Shangazi alimaliza kuingiza ukindu aliokuwa ameushika.

"Nani kakwambia? Hii haijanikosesha kitu. Mshenga alisema usiku wa Ijumaa, babu yako akaleta Ijumaa usiku."

"Si ni kitu kimoja, bibi?"

Shangazi alinitazama mimi, akacheka kidogo puani. "Haya, mwanao huyo. Babu yake mtupu."

Nikamwuliza alijua lini. Akasema alijua siku ile ile, alikuwa jikoni, alimsikia mama yake akiuliza na kaka yake akijibu. Nikamwuliza kwa nini basi alinyamaza miaka yote hiyo, anaitwa majina.

"Ningesema, kaka yangu angemtazama vipi mama? Angelala wapi? Tivii haina mama, haina dada. Nikaiacha ibebe, na mimi nikaishika upande wa pili, maana mzigo ulikuwa mkubwa kwa tivii peke yake."

Binti yangu alikuwa ameweka rimoti chini. Akataka kueleweshwa huo usiku unatanguliaje mchana, shangazi akamweleza polepole, mkono mmoja ni usiku, mkono mwingine ni mchana, na yeye akasema hiyo inachanganya, kwa nini watu wasiseme Alhamisi tu. Shangazi akasema siku hizi wanasema Alhamisi tu. Nikamwuliza, kwa kuwa tulikuwa tumeshafika huko, kama kijana wa Saadani alikuwa anampenda kweli. Akasema hajui, hawakupata muda wa kujuana. Akaongeza kwamba tamthilia kwa kweli haikuwa nzuri hivyo, hata wakati ule alikuwa anaona wanavuta, ila kupiga kelele kulikuwa kutamu, na kwao hapakuwa na mahali pengine ambapo binti anaruhusiwa kupiga kelele.

Hilo sikuwa nimelifikiri. Nimeliandika kama alivyolisema.

Sasa nikitazama, yule jirani alihamia kwa wanawe, ua umejengwa vyumba vya kupangisha, na mti wa antena sijui uliishia jiko la nani. Tamthilia zipo nyingi kuliko tunavyoweza kutazama, za Kituruki, za Kihindi, za kwetu wenyewe, na kila mmoja anazitazama kimya kwenye simu yake, na akiona haina lolote anaiacha. Labda ni bora hivyo, hakuna anayelazimika kusifu kwa kuwa wenzake wanasifu. Lakini hilo la usiku wa Ijumaa limenikaa moyoni zaidi. Binti yangu ana akili, anafaulu, na hakujua. Wanafunzi wenzake hawajui. Usiku umehama kutoka siku yake ukaenda siku nyingine, katika umri wangu huu huu, na hakuna aliyetangaza. Sijui kama ni hasara kubwa au ndogo. Najua kuna nyumba ambayo iliwahi kubadilika kwa ajili yake, na mtu mmoja aliyenyamaza ili nyumba hiyo isianguke, na amekaa hapa kwangu anasuka mkeka, sina hata neno la kumshukuru linalotosha.

Usiku huu tumekula ugali, kisamvu cha nazi, na changu wawili wa kukaanga tuliogawana watatu. Shangazi amepewa vichwa vyote viwili.